C, Herufi ya Kupanga

Mtoto anayeanza darasa la kwanza, awe Tanga au Kisumu, huimba a, be, che, de. Kwenye nafasi ya tatu C huwa imeshikana na H, na tangu siku hiyo, hata asome Kiswahili mpaka uzeeni, hataikuta imesimama peke yake ndani ya neno la lugha hii. Ataikuta katika vifupisho, katika majina ya wageni, katika vitamini na vipimo vya joto. Ndani ya neno la Kiswahili, hapana. Hali hiyo imezaa ubishi miongoni mwa wapenzi wa lugha. Wako wanaosema H hapo ni mzigo usio na kazi, na kwamba tungeandika cakula, cumba na kica bila kupoteza chochote. Wako wanaowajibu kwamba C kwa asili yake ni K au S, na ndiyo maana inahitaji H ili igeuke. Naona pande zote mbili zimejenga juu ya msingi usiokuwepo, yaani kwamba herufi hii ilizaliwa na sauti yake. Historia yake ya karibu miaka 3,000 ni ya chumba cha kupanga: namba mlangoni ni ileile, wapangaji wanabadilika. Ukishalikubali hilo, jinsi ya kuandika chakula linabaki kuwa suala la faida na gharama tu, na kwa hesabu hiyo mimi nasema CH ibaki kama ilivyo.

Tumwangalie mpangaji wa kwanza. Wafinisia, wafanyabiashara wa baharini walioishi pwani ya Lebanoni ya leo, walikuwa na alfabeti ya konsonanti 22, na ya tatu kati yake ilisimamia sauti G. Jina lake, gimel, kwa kawaida huhusishwa na ngamia, ambaye Mwarabu humwita jamal. Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani atakuwa ameshamtambua ndugu wa herufi hii. Kiarabu cha zamani kilipanga herufi zake alifu, be, jimu, dali, na mpango huo ndio uliotupa neno abjadi. Jimu imetokana na gimel kwa njia ya Kiaramu kama C ilivyotokana nayo kwa njia ya Kigiriki. Zote zimekalia nafasi ya tatu kwa kuwa zimetoka tumbo moja. Hata kwa Waarabu sauti yenyewe haikutulia. Mtu wa Cairo hutamka G pale ambapo msomaji wa Kurani hutamka J, na ndiyo sababu rais wa Misri alijulikana duniani kote kama Gamal Abdel Nasser, jina ambalo huku kwetu tungeliita Jamal. Waandishi wa pwani, walioandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu, walikuwa na shida ya che, kwa maana Kiarabu hakina sauti hiyo. Wengine waliiandika kwa herufi iliyokuwa karibu na kumwachia msomaji atambue kwa mantiki ya mshororo. Wengine waliazima kwa Waajemi ile jimu yenye nukta tatu. Kwa hiyo C waliyokuja nayo wamisionari na jimu ya nukta tatu zilikutana kwenye sauti moja ya Kiswahili zikiwa ndugu wasiojuana.

Turudi upande wa Ulaya. Wagiriki waliichukua gimel wakaiita gama, na kwao ilibaki kuwa G. Wagiriki waliohamia Italia waliiandika kwa umbo lililopinda, karibu na C ya leo, na hao ndio waliowapa Waetruski maandishi. Lugha ya Kietruski haikutofautisha G na K. Waetruski walipokea herufi ya sauti ambayo hawakuwa nayo, wakaitia kazini kwa sauti waliyokuwa nayo, ambayo ni K. Matokeo yake walijikuta na herufi tatu, C, K na Q, kwa sauti moja, wakazigawa kwa kufuata irabu: K mbele ya A, Q mbele ya U, C mbele ya E na I. Warumi wakajifunza kuandika kutoka kwao, nao Warumi walikuwa na G na K zote mbili, basi ikabidi C ibebe mizigo miwili. Ushahidi upo. Katika maandishi ya kale sana yaliyochimbuliwa chini ya jiwe jeusi kwenye uwanja mkuu wa Roma, ya karne ya 6 kabla ya Kristo, neno linalomhusu mfalme limeandikwa RECEI, kwa C, ingawa mfalme kwa Kilatini hutajwa kwa G. Na hata Roma ilipokuwa dola kubwa, jina Gaius liliendelea kufupishwa C. na Gnaeus Cn., kama kwamba G haijazaliwa.

G ilizaliwa karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwandishi Plutarch anaihusisha na Spurius Carvilius, mtumwa aliyeachwa huru ambaye anatajwa pia kuwa mtu wa kwanza kufungua shule ya kulipia ada mjini Roma. C ikaongezewa kijimkia, ikawa G, na herufi hiyo mpya ikawekwa nafasi ya saba iliyokuwa ya Z, kwa kuwa Warumi walikuwa wameiacha Z kwa kukosa kazi nayo. Z ilirudishwa baadaye pamoja na Y kwa ajili ya maneno ya Kigiriki, ikakuta mahali pake pameshakaliwa, ikaenda kukaa mwisho wa mstari, na mpaka leo iko hukohuko. Wale wanaoiona alfabeti kama kitu kilichoshuka kikiwa kamili wangetazama tukio hili kwa makini. Mwalimu mmoja, ambaye bila shaka alichoshwa na kuwaeleza wanafunzi kwamba C hii ni K na ile ni G, anatajwa kuwa ndiye aliyebadilisha maandishi ambayo leo yanatumiwa na sehemu kubwa ya dunia. Kamati hazikuhitajika.

Baada ya G kuhamia chumba chake, C ilibaki na K peke yake kwa karne kadhaa. Tunalijua hilo kwa sababu Wagiriki walipoandika jina Cicero walitumia kapa mara mbili, Kikeron, na kwa sababu Wajerumani walioazima cheo cha Caesar mapema wamebaki na Kaiser. Biblia ya Kiswahili nayo, kwa kukifuata Kigiriki, inaandika Kaisari na mji wa Kaisaria. Kisha, kuelekea mwisho wa dola na baada ya kuanguka kwake, K iliyofuatwa na E au I ilianza kusogea mbele kinywani. Neno la Kilatini la mia, centum, lilitamkwa kwa K. Leo Mwitaliano anaandika cento na kutamka che. Mfaransa anaandika cent na kutamka S. Mhispania wa Madrid anaandika ciento na kutamka kama th ya thelathini. Na katika lahaja za kisiwa cha Sardinia bado utasikia K. Mwandiko wa mwanzo wa neno ni C kwao wengi, na kila mmoja ana hakika kwamba hiyo ndiyo sauti ya C.

Hapa Kiswahili kina ushahidi wake, na ni ushahidi mzuri kuliko wa wengi. Chukua kiambishi ki- ukiweke mbele ya irabu. Ki- na -angu vinazaa changu. Ki- na -ombo vinazaa chombo. Na ukitaka uhakika, wingi wake ni vyombo, ambamo vi- imebaki ikionekana nusu. K iliyokutana na I na kisha irabu nyingine imesogea mbele mpaka ikawa che, kama ilivyosogea K ya Warumi. Sisi tumeisimamisha hapo: kitu, kiti na kelele bado vina K yao. Ndugu zetu wengine wameendelea na safari. Watu wa Barawa, huko Somalia, huita lugha yao Chimwini, na kiambishi chao ni chi- hata mbele ya konsonanti. Wakomoro wamefika mbali zaidi, kwa kuwa lugha yao ni Shikomori. Ki, chi, shi: mwendo ambao Kilatini kiliupita kwa karne nyingi, hapa umetandazwa kwenye ramani, kutoka Unguja hadi Barawa hadi Ngazija. Hakuna aliyekosea njiani. Sauti zina desturi ya kuhama, na K iliyo jirani na I ni miongoni mwa zinazohama kwa wepesi kabisa duniani.

Tofauti kati yetu na warithi wa Roma iko kwenye kalamu. Wao sauti ilihama, herufi ikabaki, kwa sababu makarani wa Kanisa na wa serikali waliendelea kuandika Kilatini kama kilivyoandikwa zamani. Ndiyo maana mtoto wa Kiingereza hana budi kukariri kwamba C ya mji ni S na C ya gari ni K. Kiswahili cha herufi za Kilatini kiliandikwa sauti zikiwa zimeshahama, kikaandika kilichosikika: K kwa kitu, CH kwa chombo, S kwa senti, ambayo ni mjukuu wa centum hiyohiyo. Tazama neno sarakasi. Limetokana na neno la Kilatini circus, lenye C mbili ambazo Mrumi alizitamka K zote. Mwingereza alirithi C ya kwanza ikiwa S na ya pili ikiwa K, akaziandika sawa. Mswahili alipolipokea alisikiliza, akaweka S hapa na K pale, na hesabu ikafungwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kamera, kadi, kampuni na sinema. Mfano umeeleweka: kila C ya kigeni iliyobisha hodi imeulizwa jina lake halisi kabla ya kuingia.

Sasa H. Ilipatikanaje pale, wakati Warumi waliandika C tupu? Warumi walianza kuandika CH walipotaka kuonyesha sauti moja ya Kigiriki, K yenye mpumuo, kwenye maneno kama chorus. H ilikuwa na kazi ya kweli: ilionyesha pumzi. Karne nyingi baadaye Wafaransa walijikuta na sauti mpya ya che ambayo Kilatini hakikuwa nayo, wakaichukua CH iliyokuwa imelala bure wakaipa sauti hiyo. H ikaacha kuwa pumzi, ikawa alama tu ya kumwonya msomaji kwamba C hii si ile. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walifika na desturi hiyo, na Waingereza, ambao kabla ya hapo waliandika kanisa kwa C tupu, cirice, wakaanza kuweka H. Kisha Wafaransa wenyewe wakabadilika, CH yao ikawa sauti ya sh. Walimpa Mwingereza mwandiko wakabaki bila mwandiko. Athari yake tunaiona Kongo: Wabelgiji walipotaka kuandika che iliwabidi waweke TSH, na ndiyo maana tuna Tshombe, Tshisekedi na mkoa wa Tshopo. Wajerumani, ambao CH yao ni kama kh ya kooni, hata J na SH waliziandika kwa DSCH na SCH, Kilimandscharo na Moschi, kwenye ramani za utawala wao katika Tanganyika ya baadaye. Waitaliano, ambao mbele ya I husoma CH kama K, waliuandika mji wa Kismayo Chisimaio. Upande mmoja wa Afrika, wakoloni wanne ukimhesabu Mwingereza, na karibu kila mmoja na jibu lake. Mwandiko tulionao ulienezwa hasa na Edward Steere wa misheni ya Waanglikana Unguja, ambaye kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, CH ilikuwa imeshaota mizizi vitabuni.

Mtu bado anaweza kudhani kwamba, pamoja na vurugu zote hizo, C huzunguka jirani na K, S na che. Basi atazame waliokuja baadaye. Mwaka 1928 Waturuki waliacha herufi za Kiarabu, wakaipa C sauti ya J: kwao Ijumaa ni Cuma. Mwaka 1972 Wasomali walichagua rasmi herufi za Kilatini, na C wakaipa aini, ile sauti ya kooni ya Kiarabu. Ali wakamwandika Cali, na mji wa El Wak, ulio upande wa Kenya, kwa Kisomali ni Ceelwaaq. Hawakufanya hivyo kwa mzaha. Walitaka maandishi yanayoweza kupigwa kwa taipureta ya kawaida bila nukta wala vistari vya juu. K walikuwa nayo, S walikuwa nayo, C ikawa imekaa bure, na aini ilihitaji makao. Mantiki hiyohiyo ilitumika kusini mwa Afrika katika karne ya 19, pale wamisionari walipokutana na vidoko vya Kixhosa na Kizulu. Waliangalia ni herufi zipi hazina kazi, wakakuta C, Q na X, wakazigawa kwa vidoko vitatu. Jina la mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, linaanza na kidoko cha kwenye meno. Ajabu ni kwamba hizo tatu ndizo zilezile ambazo Kiswahili hakizitumii peke yake. Wachina nao, katika mwandiko wao wa Kilatini wa mwaka 1958, wameipa C sauti ya ts. Mpaka hapa orodha ina G, K, S, che, th, J, aini, kidoko na ts. Atakayesema sauti ya asili ya C ni fulani, na atuambie ameichagua kwa kigezo gani.

Nikisema hivyo nimewapa nguvu wanaotaka H iondoke, na haki yao lazima wapewe. Hoja yao kubwa ni kwamba sauti moja iandikwe kwa herufi moja. Wana wenzao wenye uzito: mwaka 1927 taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilitoa mwongozo wa kuandika lugha za bara hili, na humo C tupu ilipendekezwa kwa sauti ya che. Wahausa huandika hivyo. Warundi, Wanyarwanda na Waganda huandika hivyo, tena hawa ni majirani wanaosema Kiswahili pia. Wakijibiwa kwamba Kiswahili kina jozi nyingi, SH, TH, DH, GH, na kwamba CH ni moja yao tu, wanalo jibu kali. Katika SH, wanasema, H inafanya kazi, kwa kuwa S iko peke yake na lazima itofautishwe. Saba na shaba si neno moja. Katika CH, H haitofautishi chochote, kwani C tupu haipo. Hoja hii ni ya kweli na sioni namna ya kuikwepa. Wanaendelea: watu wa Mombasa hutofautisha kwa pumzi chungu cha kupikia na chungu anayetambaa, wa pili akitamkwa kwa mpumuo. H ikiachwa huru, C ingetosha kwa cha kwanza na CH ingebaki kwa mpumuo, na mwandiko wetu ungekuwa mwaminifu zaidi kwa masikio ya Wamvita.

Hoja ya mpumuo ni nzuri, lakini inadai zaidi ya inavyosema. Mpumuo haukai kwenye che peke yake. Paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa baharini, hutofautishwa na Wamvita kwa njia hiyohiyo, na mwandiko sanifu haujauonyesha popote. Umeuachia muktadha na ngeli. Kuuonyesha kwenye CH na kuuacha kwenye P, T na K kungekuwa nusu ya dawa. Anayetaka mpumuo uandikwe aje na mpango mzima, na mpango huo usikilizwe kwa ubora wake. Kuhusu herufi moja kwa sauti moja, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Wamalei. Mwaka 1972 Malaysia iliacha CH na Indonesia ikaacha TJ, zote zikachukua C. Mjukuu, aliyeandikwa chuchu upande mmoja na tjutju upande wa pili, akawa cucu kote. Watu walizoea, shule zikaendelea, mbingu haikuanguka. Ila tuangalie walilipia nini na wakanunua nini. Walikuwa nchi mbili zenye lugha moja na miandiko miwili, urithi wa Mwingereza na Mholanzi, wakanunua mwafaka. Sisi mwafaka huo tunao tangu kabla ya uhuru. Kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam kinasomwa Mombasa bila mtu kukwama kwenye herufi, na hiyo ndiyo mali ambayo Wamalei waliitafuta. Kuvunja mwafaka ulio kamili ili kuokoa herufi moja ni biashara ya hasara.

Liko jambo la pili, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. H ya CH haitofautishi neno na neno ndani ya Kiswahili, hilo nimekubali. Lakini inamlinda msomaji dhidi ya lugha nyingine iliyo kichwani mwake. Msomaji wetu wa leo, hasa Kenya na Uganda, husoma Kiingereza shuleni tangu utotoni na Kiswahili humo humo. Mwandikie cakula, na macho yake yatasema kakula kabla akili haijafika. Mwandikie cenza, atasema senza. Mturuki hana tatizo hilo, maana shule yake yote ni ya Kituruki. Mwandiko hautumiki katika ombwe, unatumika na watu wenye miandiko mingine, na CH ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mazoea ya Kiingereza yanamsaidia msomaji wa Kiswahili badala ya kumpoteza.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la ukoloni. Husemwa kwamba CH ni alama ya Mwingereza kwenye lugha yetu, na kuitetea kwa sababu ya Kiingereza ni kukubali minyororo. Nalielewa, ila lina kasoro mbili. Kwanza, likifuatwa kwa ukweli wake haliishii kwenye H. Linafagia A mpaka Z na kuturudisha kwenye jimu ya nukta tatu, ambayo nayo ilikuja kwa jahazi. Wako wanaotaka hivyo kweli, na heshima yao naitambua, maana ushairi mkubwa wa pwani umehifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini hao hawabishani juu ya C. Pili, C tupu wanayoipendekeza wengine ilipendekezwa rasmi na wataalamu waliokaa London, kwa hiyo kuichagua si kutoka nje ya uwanja huo. Aliyeipa CH uraia ni msomaji wa Kiswahili aliyeitumia kwa zaidi ya miaka 100 kuandikia barua, magazeti, khanga na riwaya. Asili ya chombo haiamui mwenye chombo.

Inachekesha kidogo kwamba siasa za Tanzania zimeujibu ubishi huu kwa njia mbili zilizo kinyume bila mtu kuitisha mkutano wa lugha. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kilijifupisha CCM. Yaani C moja imebeba che nzima, mara mbili, sawasawa na walivyotaka wale wa London. Chama cha Walimu Tanzania nacho ni CWT. Kwa upande mwingine kuna chama cha CHADEMA, ambacho kimeibeba H yake, na kwa wapenzi wa lugha kuna vyama vya Kiswahili, CHAKITA na CHAUKIDU. Kanuni iliyojificha hapa inaeleweka. Kifupisho kinachotajwa herufi kwa herufi kinaweza kuitupa H, kwa kuwa hakuna atakayekisoma kama neno. Kinachotamkwa kama neno kinaihitaji, la sivyo Chadema ingekuwa Kadema midomoni mwa watu. Wenye vyama hawakusoma isimu, ila walifanya kile ambacho nimekuwa nikikieleza: wakamtazama msomaji. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba C ya CCM, inayosimama kwa neno la Kiswahili safi, hutamkwa si, kwa jina la Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa a, be, che, de angetarajia kusikia che-che-me. Hilo nadhani limeshapita na halirekebishiki, na wala halimdhuru mtu.

Linalodhuru ni majina ya wenyewe. Kwa kuwa kila lugha imeipangisha C kwa mtu wake, jina lenye C haliwezi kusomwa kwa kanuni ya lugha ya msomaji. Mtangazaji wa Nairobi au Dodoma akikutana na Cibitoke na Cankuzo, maeneo ya Burundi, mkono wa Kiingereza humvuta aseme Sibitoke na Kankuzo, ilhali Warundi husema che katika yote mawili. Akikutana na Msomali aliyeandikwa Cumar, huyo ni Omari, na K haina nafasi hapo. Jina la Kikikuyu Wacera mara nyingi hutamkwa na wenyewe kwa sauti iliyo karibu na sh. Wako wanaoshauri tuyaandike upya majina haya yote kwa tahajia ya Kiswahili, Chibitoke na Chankuzo, ili msomaji asipotee. Kwa miji iliyozoeleka kwa tahajia hiyo sina ubishi. Kwa majina ya watu siafiki, kwa sababu jina ni lile lililo kwenye kitambulisho cha mwenyewe, na kuligeuza ni kumpa shida benki na mpakani. Libaki na C yake kwenye maandishi, na mzigo wa kulitamka ubebwe na anayelisoma hewani. Kabla ya saa ya taarifa, apige simu moja Bujumbura au Garissa aulize.